Saa Saba Mchana, Mlima Hauna Mgeni

Msyuuu! Jana tena kijana mmoja kamchukua mzungu wa watu saa saba mchana, jua la utosi, kampandisha ngazi mpaka juu ya paa la ghorofa hapa Moshi mjini, kamwambia atulie, Kilimanjaro unakuja. Unakuja kutoka wapi? Kaskazini kote wingu tupu. Mgeni kapiga picha wingu weee, kisha kaletewa soda kwa bei ya sahani ya pilau.

Jamani, mlima huu una saa zake. Kukipambazuka, kama hakuna ukungu, kilele cha Kibo kiko wazi, theluji ina rangi ya waridi kidogo, halafu nyeupe pee. Kufika saa tatu, saa nne hivi, jua limeshachemsha ule msitu wa mibuni, miparachichi na miti mikubwa huko kati. Unyevu unapanda, unageuka mawingu, basi tena. Subiri saa kumi na moja jioni, ukibahatika. Akina mama wanaoteremsha ndizi sokoni Mbuyuni alfajiri wanalijua hilo. Wenye mapaa nao wanalijua, ila wamekausha.

Na huyo mgeni asijione mjinga peke yake. Rebmann, mmisionari Mjerumani, alipouona mlima huu Mei 1848 alidhani kwanza lile jeupe ni wingu. Alipoandika kwamba ni theluji, tena karibu na ikweta, wasomi wa Ulaya wakambishia miaka na miaka. Siku hizi ndiyo imebaki vipande vipande, atakayekuja baadaye abishiwe vizuri.

Sasa ukiuliza uende wapi, watu watakwambia panda Machame, panda Marangu. Pazuri, sikatai, lakini ukishaukaribia mno migomba na kingo za mabonde vinakukinga, unaona kipande. Mimi nasema rudi nyuma. Chukua bodaboda, teremka barabara ya TPC kuelekea kwenye mashamba ya miwa, nchi tambarare, geuka utazame ulikotoka. Hapo unauona wote, kuanzia mguuni, na mji wa Moshi umekaa chini yake kama punje. Bure. Ukipita njia ya Boma Ng'ombe kwenda Sanya Juu, utaliona na bega la Shira.

Na nyie mnaopanda basi kutoka Dar, hivi mnagombania dirisha la kushoto la nini? Kaeni upande wa dereva! Kuanzia Himo mpaka Moshi, na hata ukiendelea Arusha, mlima uko kulia. Ndege ya Dar kuja uwanja wa KIA hivyo hivyo, kulia. Mtu kalipa nauli ya ndege, kakaa kushoto, anatazama nyika ya Simanjiro. Aka!

Lakini kilichonimaliza ni kalenda ya saluni hapo jirani. Picha kubwa ya Kilimanjaro, tembo mbele, na kinyozi anajigamba kwa wateja eti huu ndio mlima wetu unavyoonekana hapa nyumbani. Nikamwambia, Mangi, tazama vizuri. Ukisimama Moshi, Kibo na mita zake 5,895 iko kushoto, Mawenzi yenye meno meno iko kulia. Hapo kwenye kalenda yako Mawenzi iko kushoto. Hiyo picha imepigwa Kenya, upande wa Amboseli. Mlima wetu, mgongo wao, na biashara ya picha wameshika wao kwa sababu wao huwaamsha wageni usiku wa manane wakawahi.

Wanywa kahawa waliokaa hapo saluni wakacheka, mzee mmoja akatoka nje kabisa kwenda kuhakikisha Mawenzi iko wapi, akakuta wingu. Kinyozi kasonya mpaka mteja akashtuka kwenye kiti. Kasema kalenda kapewa bure, na ina sikukuu zote.