Nasaha kwa Waliofitiniwa na Rangi

Barua zilizonifikia mwezi huu kutoka kwa ndugu zetu wakaao Beltsville na miji inayopakana nayo, Laurel kwa kaskazini na College Park kwa kusini, zingetosha kumwaminisha mtu kwamba katika jimbo la Maryland hakuna tena anayegombana na mwenziwe kwa sababu ya mapenzi, deni au urithi, bali kila ugomvi sasa asili yake ni picha: yupo aliyenuniwa na mkewe, yupo aliyezuiliwa ujira wake, na yupo anayemshitaki jirani kwa uchawi. Nimechagua chache, nikazifupisha pale zilipotukana, na kuzijibu kwa kadiri ya ilmu niliyojaaliwa.

*Mzee Mnasihi, shikamoo. Nimenunua kamera ya thamani, nami nikaanza kupiga picha ghafi kama walivyonishauri wajuzi. Nikiifungua picha katika kompyuta huja nzuri, rangi zimekolea, lakini kabla sijapepesa macho mara mbili hupauka na kupooza. Mke wangu anasema ni jicho la jirani. Nimekifukiza ubani chumba cha kompyuta, kengele ya moto ikalia, na wapangaji wote wakateremshwa ngazi usiku. Nifanyeje? — Mhusudiwa, karibu na Powder Mill Road.*

Marahaba, mwanangu. Kabla ya yote waendee wapangaji wenzio uwaombe radhi, kwa maana dhulma ya kumtoa mtu kitandani usiku wa baridi haifutiki kwa ubani. Ama husuda, sikatai kuwa ipo, nami nimeiona mara nyingi katika vikao vya harusi, lakini katika jambo hili haina dhambi. Ile picha ya kwanza iliyokupendeza ni JPEG ndogo ambayo kamera iliisafisha yenyewe papo hapo, ikaikoleza na kuitia chumvi kwa kadiri ya matakwa ya walioiunda, kisha ikaifungasha ndani ya faili ghafi ili mwenyewe apate cha kutazama wakati programu inapojifunga kibwebwe kuanza kazi. Na hiyo ya pili iliyokuchukiza ndiyo rai ya programu, iliyoyasoma upya yote yaliyoandikwa na sensa bila kujali kamera ilikuwa na maoni gani.

Na hayo yaliyoandikwa na sensa, tukisema kwa insafu, hayana rangi kamili. Kila kijitundu cha sensa hupima kiasi cha nuru tu, na mbele yake kimewekewa kichujio cha rangi moja, ama nyekundu, ama kijani, ama buluu, kwa mpango ambao Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak alipewa hataza yake mwaka 1976, wenye vichujio viwili vya kijani kwa kila kimoja chekundu na kimoja cha buluu. Na zile rangi mbili ambazo kijitundu hakikuzipima hukadiriwa kwa kuwatazama majirani zake. Kwa hiyo mkeo hakuwa mbali sana na ukweli alipomtaja jirani, ila amekosea mtaa.

Maadamu kazi yenyewe ni makadirio, programu mbili zikipewa faili moja zitatoa picha mbili, na zote mbili ni halali. Nenda penye orodha ya profaili, uiache ile iliyotangulizwa na watengenezaji wa programu, uchague ile inayolingana na mtindo wa kamera yako, nawe utaipata sura ya kwanza au iliyo karibu nayo mno. Usikimbilie JPEG kwa hasira: hiyo huhifadhi ngazi 256 tu kwa kila rangi, ilhali picha ghafi ya biti 14 inazo 16,384, na siku utakapotaka kuutoa uso wa mtu kivulini ndipo utakapoijua faida yake.

*Assalamu alaykum Mzee. Binti wa kaka yangu ameolewa kiangazi hiki katika ukumbi mmoja kando ya Baltimore Avenue. Sare yetu sisi wanawake ilikuwa kitenge cha feruzi tulichokiagiza Kariakoo kwa gharama. Picha zilipotufikia kwenye simu feruzi haipo, tuna nguo zisizo na jina, na bibi harusi uso umeingia giza hata pua huioni, linang'aa gauni tu. Mama yetu aliyeko Tanga amepiga simu kuuliza iwapo tumemwoza mtoto akiwa mgonjwa. Nimezuia nusu ya ujira wa mpiga picha. Je, sina haki? — Shangazi wa Bibi Harusi.*

Nilikuwa nimekwisha kuishika kalamu kumjibu Shangazi kwa upole unaomstahili, ilipoingia barua nyingine, ambayo msomaji atahukumu mwenyewe kama ni sadfa:

*Mzee, shikamoo. Nilipiga picha za harusi moja ya watu wa kwetu. Kwenye kompyuta yangu kitenge ni feruzi safi. Kamera na programu zote nimeziweka Adobe RGB kwa sababu niliambiwa ndiyo pana. Ukumbi uliwashwa taa za zambarau, na mama mmoja mwenye sauti akanikataza flashi kwa kuwa inamuumiza macho, kisha akasimama mbele ya lenzi wakati wa kukata keki. Sasa ndiye anayezuia fedha zangu. — Fundi Aliyedhulumiwa, Laurel.*

Sikuwa na azma ya kuwa kadhi, lakini maadamu wadai wote wawili wamekuja kwangu kwa miguu yao, na waketi wasikilize.

Katika faili la picha kila rangi ni nambari, na nambari peke yake haina maana, kama vile mtu anavyoweza kuwaandikia wazazi wake walioko Muheza kwamba amewapelekea mia, asiseme ni mia ya dola au ya shilingi. Jina la sarafu ndilo profaili. Ile iitwayo sRGB, iliyotolewa na HP na Microsoft mwaka 1996, ndiyo sarafu ya sokoni, inayopokelewa na simu na vioo vya aina zote. Adobe RGB, ya mwaka 1998, ina eneo pana zaidi, na upana huo umeelemea upande wa kijani na feruzi, yaani pale pale kilipo kitenge cha Shangazi. Fundi amehesabu kwa dola, akatuma nambari. Njiani, katika kupokezana kwa simu na simu, jina la sarafu likadondoka, na simu ya Shangazi, kwa kuwa haikuambiwa kitu, ikazisoma nambari zile zile kwa shilingi. Feruzi ikapooza, ngozi zikaonekana za wagonjwa, na bibi wa watu Tanga akaingiwa na fadhaa.

Sasa, Fundi, fahamu mambo mawili. La kwanza ni kwamba ile Adobe RGB uliyoiweka ndani ya kamera haikuigusa picha yako ghafi hata chembe, kwa kuwa huzihusu JPEG za kamera peke yake; lililokuponza ni chaguo ulilolifanya katika programu wakati wa kuzitoa picha. La pili ni kwamba katika programu hizi mna amri mbili zinazokaa bega kwa bega, nazo zimewakosesha watu wengi usingizi. Moja hubandika profaili: hulibadilisha jina la sarafu na kuziacha nambari kama zilivyo, hata mia ya dola ikaitwa mia ya shilingi na mzazi akalala njaa. Ya pili hugeuza: huzipeleka nambari kwa mbadilishaji fedha zikarudi nambari nyingine, thamani ikabaki ile ile au karibu yake. Unayoitaka ni hiyo ya pili. Zitoe upya picha zote zikiwa zimegeuzwa kuwa sRGB, profaili ikiwa imo ndani ya faili, uzitume tena.

Nawe Shangazi, usitaraji kwamba kitenge chote kitarudi. Feruzi iliyokolea kabisa haina nafasi ndani ya sRGB, na huko Kariakoo hawakuipika kwa kuifikiria simu yako.

Ama uso wa bibi harusi, hapo namlaumu Fundi bila kigugumizi. Kipimo cha nuru kilichomo ndani ya kamera huichukulia dunia nzima, ikichanganywa pamoja, kuwa kijivu chenye kurudisha nuru kiasi cha asilimia 18; kikikabiliwa na gauni jeupe lililojaza nusu ya picha hudhani nuru imezidi, hupunguza, na anayelipishwa ni mwenye uso mweusi. Jambo hili halikuanza na kompyuta. Kwa miaka mingi maabara za kusafisha picha zilisawazisha mitambo yao kwa kadi za Kodak zilizojulikana kwa jina la Shirley, ambazo kwa muda mrefu zilikuwa na sura ya mwanamke wa kizungu, na ngozi zetu zikaachwa zijitafutie mahali. Ranchhod Oza, aliyefungua Capital Art Studio mjini Zanzibar mwaka 1930, alifanya kazi katika zama za filamu nyeusi na nyeupe, akaepukana na shangazi wa feruzi. Lakini mpiga picha wa zama zetu, mwenye kamera inayoweza kupima nuru kwenye nukta ndogo ya shavu, hana udhuru. Pima usoni. Gauni liache lisogee mpaka ukingoni mwa histogramu lakini lisivuke, kwa kuwa weupe uliokwisha kuungua hakuna programu itakayoufufua, ilhali kivuli cha picha ghafi hunyanyuliwa kwa kiasi kizuri kabla hakijaota chembechembe.

Kuhusu zile taa za zambarau sina dawa. Taa hiyo hutoa nyekundu na buluu, kijani karibu hamna. Na rangi isiyokuwamo katika nuru haikuingia katika sensa, wala hakuna kitelezi kinachoweza kuizua. Picha za saa ile zigeuze nyeusi na nyeupe, uwaambie ndivyo ulivyokusudia.

Hukumu: Fundi atazitoa picha upya bila malipo, na kila uso ataunyanyua mmoja mmoja, siyo kwa mkupuo. Shangazi atalipa ujira wote siku atakapozipokea, bila kukata hata senti, kwa maana aliyekataza flashi ndani ya ukumbi wenye giza ameshiriki katika kulifanya giza. Na picha ya keki, ambayo nimeambiwa inaonyesha mgongo wa mtu tu, ataichukua mwenye mgongo.

*Mzee, picha zangu zikichapishwa hutoka na giza, ilhali kwenye kioo zinameremeta. Nimebadilisha wino na karatasi. — Mwenye Printa.*

Punguza mwangaza wa kioo chako. Umekiwasha kama unachuuza karanga usiku, nawe unaisafisha picha kwa kuitegemea nuru ambayo karatasi haina. Kisha chagua mmoja wa kusimamia rangi, ama programu ama printa. Wakisimamia wote wawili kila mmoja atamsahihisha mwenziwe, na nyuso zitaiva wekundu.

*Shikamoo Mzee. Nalima mchicha na bamia katika kiwanja changu, nauza kwa kutangaza picha. Nikikisukuma kitelezi cha kukoleza rangi mpaka mwisho, wateja huja wengi; wakifika hununa. Mwanangu anasema nipunguze. Nimsikilize? — Mkulima.*

Marahaba, Bibi. Tangu lini mtoto akawa na busara kuliko kitelezi? Lakini safari hii anayo. Panda basi uende hapo hapo Beltsville ukalitazame lile jengo refu la Maktaba ya Taifa ya Kilimo, ambamo zimehifadhiwa picha zaidi ya 7,500 za matunda, nyingi zikiwa za rangi za maji, walizochora wasanii wa Wizara ya Kilimo ya Marekani kuanzia mwaka 1886 hadi 1942, zama ambazo kamera haikuwa bado ya kuaminika katika rangi. Na ukichoka kusafiri, zote zinatazamwa bure katika intaneti. Deborah Griscom Passmore peke yake alichora zaidi ya 1,500. Tufaha lao lina wekundu wake upande uliopigwa na jua na umanjano upande uliokuwa kivulini, lakini pia lina doa, lina jeraha, na mara nyingine limepasuliwa kati ili uuone uozo na njia aliyoipita mdudu. Walikuwa wanaajiriwa ili mkulima aliye mbali alijue tunda kama lilivyo, na nashuku kwamba yeyote kati yao ambaye angelikoleza pea likang'aa kuliko pea, angetafutiwa kazi nyingine.

Kitelezi kirudishe sifuri. Kisha kipandishe polepole ukiwa umekishika kishada chenyewe cha mchicha mkononi, kando ya kioo, mchana, karibu na dirisha, na usimame pale vinapofanana. Lile jani lililotobolewa na mdudu usilifute. Wapo wateja wanaolitafuta hilo, wakijua hukupiga dawa.

*Mzee, nasikia hapa kwetu Beltsville ndipo alipozalishwa bata mzinga mweupe. Jirani yangu anafuga bata mzinga mweupe pepe. Je, naweza kumtumia kusawazisha weupe wa picha zangu badala ya kununua kadi ya kijivu? — Mbahili.*

Ulilosikia ni kweli. Katika kituo cha utafiti wa kilimo cha mji wenu, miaka ya 1930, wataalamu walianza kumzalisha bata mzinga mdogo mweupe, ili nyama yake iwe ya kadiri ya jiko na meza ya jamaa wachache. Katika hesabu zao hapakuwa na upigaji picha. Manyoya yake yakiwa juu ya majani huchukua ukijani, yakiwa kivulini huchukua buluu ya mbingu, na upande wa jua huungua kabisa katika sensa, hata programu ikakosa cha kupima. Zaidi ya hayo anatembea. Nunua kadi. Bata mzinga mwache mpaka sikukuu ya kumla, Alhamisi ya nne ya Novemba, na jirani akikualika, sawazisha weupe kwa sahani.