Asilimia Tano Iliyobaki

Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inataka mkutano mkuu wa kijiji uitishwe angalau mara moja kila miezi mitatu, na humo wananchi husomewa mapato, matumizi na hali ya miradi. Kijiji chetu kinatii. Kipo wilayani Kyela, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, mahali ambapo Milima ya Livingstone imeshuka mpaka ikakaribia kutia miguu majini. Kipande cha ardhi kilichobaki kati ya mwamba na mawimbi ndicho tulichogawana sisi, migomba, mikakao, ng'ombe na miradi ya maendeleo. Miradi ndiyo inayochukua nafasi kubwa.

Mgeni akisikia kwamba tuna mradi wa maji hushangaa. Mbele yetu kuna ziwa lenye kina kinachofika mita 700. Nyuma yetu vijito vinateremka mlimani mwaka mzima. Juu yetu kuna mvua, na mvua ya Kyela haina mchezo. Ukifika mwezi wa nne vyura wanahamia barazani na hakuna anayewauliza wamefuata nini. Maji yapo kila mahali isipokuwa kwenye bomba.

Mradi wenyewe ni wa maji ya mserereko. Unajenga kitekeo kwenye kijito huko juu, unalaza bomba mpaka kwenye tangi, na kutoka hapo maji yanashuka yenyewe, bila mashine wala mafuta, mpaka kwenye vituo vya kuchotea. Ni utaalamu wa kuaminika. Unategemea jambo moja tu, kwamba maji yatakubali kwenda bondeni, na hilo hayajawahi kulikataa.

Taarifa ya kwanza ya Afisa Mtendaji wa kijiji ilisema mradi umefikia asilimia 60. Tukapiga makofi. Ikaja ya asilimia 80, tukapiga tena. Ikaja ya asilimia 95, na hapo tukakaa. Robo ya mwaka ikapita, 95. Ikapita nyingine, 95, "tukiwa katika hatua za mwisho kabisa." Ndipo bibi mmoja aliyeketi mbele, kwenye kigoda alichokuja nacho, akanyoosha mkono.

"Mwanangu Mtendaji, tumeshukuru kwa taarifa. Sasa, hiyo asilimia tano iliyobaki, ndiyo yenye maji?"

Mwenyekiti akasema swali limepokelewa na litafanyiwa kazi.

Baadaye fundi mmoja wa mabomba alinifafanulia, na tangu hapo sina ugomvi na hesabu yenyewe. Asilimia hupimwa kwa kazi iliyofanyika: mita za mtaro zilizochimbwa, bomba lililolazwa, zege lililomwagwa. Maji hayamo katika hesabu hiyo. Kilichokuwa kimekosekana kwetu ni kiungio cha kuvushia bomba korongoni, kitu ambacho mtu angekibeba kwapani. Kwenye karatasi kiungio hicho ni kidogo mno kuonekana. Kwa maji ni mradi mzima, maana yakifika pale yanamwagika yote korongoni, na mbuzi wa ng'ambo walikuwa wanakunywa vizuri sana.

Asilimia nazo zikahamia majumbani. Ukimuuliza fundi cherehani habari ya suruali yako, iko asilimia 70. Jioni moja nilirudi kutoka shambani na njaa ya kunitoa machozi, nikauliza chakula kimefikia wapi. Mke wangu hakuinua hata uso kwenye ungo.

"Wali uko asilimia 80," alisema. "Kilichobaki ni kuinjika."

Ana haki ya kunijibu hivyo, kwa sababu mradi huu umempitia yeye kuliko mimi. Ile asilimia 60 ya mwanzo ilikuwa mtaro, na mtaro ulipita mlangoni kwetu, kina cha kiunoni, udongo wake umerundikwa upande wa baraza. Ulichimbwa mapema ili bomba likifika lisisubiri. Bomba halikusubiri hata kidogo. Mtaro ndio uliosubiri, mvua ikaukuta umekaa, na haukupita muda ulikuwa na bata.

Tulitandika ubao wa kuvukia. Baba yangu mzazi, ambaye hutembea na fimbo lakini hushikilia kwamba ni ya kuulia nyoka, alikuja kututembelea siku ambayo sikuwepo. Ubao hakuuona.

Hapa lazima nieleze jambo kwa msomaji wa mbali. Kwa mila za Wanyakyusa, mke hakutani uso kwa uso na baba wa mumewe. Mkwe akitokea njiani, mke hukwepa pembeni mpaka apite. Kukaa naye chumba kimoja ndiyo kabisa. Vijana wameilegeza mila hiyo, na huko mijini sijui kama bado wanaikumbuka, lakini kwa baba yangu iko hai na ina afya njema kuliko yeye mwenyewe. Siku hiyo nyumbani walikuwepo mke wangu na binti yetu mdogo ambaye alikuwa hajaanza hata darasa la kwanza.

Mke wangu alisikia kishindo, akatoka, akaona kofia inaelea katikati ya bata, akaijua ni ya nani. Papo hapo akageuka, akampa mzee mgongo. Yakaanza mazungumzo, yote kupitia kwa mtoto, ingawa wakubwa hao walikuwa hatua chache tu na walisikiana vizuri kabisa.

"Mwulize babu kama ameumia."

"Mwambie mama yako sijaumia, nimelowa."

"Mwambie babu namletea kamba ya ng'ombe."

Kamba ikaletwa kinyumenyume, mama wa watu akipapasa njia kwa visigino.

"Mwambie mama yako kamba ni fupi."

"Mwambie babu asogee kulia, kuna mahali ukingo umebomoka."

"Kulia kwangu au kulia kwake?"

Mtoto, aliyekuwa anasikia kulia kutoka kila upande, akaona bora alie. Aliyewaokoa ni kijana wa bodaboda aliyekuwa anapita zake. Akamvuta mzee kwa mkono mmoja, kisha akadai nauli. Niliporudi jioni nilimkuta baba barazani, amekataa kanga kavu kwa kuwa ni ya mkwe, amevaa koti langu la mvua na hakuna kingine, anakula ndizi za mbalaga kwa utulivu. Nilianza kumpa pole, akanikatisha.

"Uchimbaji wao si mbaya," alisema. "Wamefika udongo wa mfinyanzi."

Uzinduzi ulifanyika mradi ukiwa bado kwenye asilimia ileile 95, kwa sababu mgeni rasmi alikuwa na nafasi siku hiyo. Tangi likajazwa kwa pampu ya kumwagilia mpunga, likachorwa bendera. Kaulimbiu ya nchi kwenye maji ni kumtua mama ndoo kichwani, na mimi naiunga mkono kwa moyo wote. Nimemwona mama yangu mzazi akipanda kutoka kijitoni na ndoo, na shingo yake mpaka leo haigeuki vizuri. Ila hebu tazama picha za uzinduzi wa maji popote nchini. Mgeni rasmi anafungua koki, ndoo inajaa, makofi yanapigwa, halafu anaishika ndoo kwa mikono miwili na kumtwisha mama kichwani. Mama aliyeitwa kuja kutuliwa anaondoka ametwishwa, tena mbele ya mashahidi.

Kwetu alichaguliwa mama mmoja muuza dagaa, mwenye shingo imara. Koki ilikohoa, ikapuliza hewa, ikatema kitu cheusi ambacho kila mtu alijifanya hakukiona, kisha ikatoa maji yenye rangi ya chai ya maziwa. Ndoo ikajaa, akatwishwa. Kumbe ratiba iliweka hotuba baada ya ndoo, na haikusema ni nani atamtua. Mama wa watu akasimama pale juani, ndoo kichwani, maji yakimchuruzikia sikioni, akisikiliza hotuba ndefu kuhusu jinsi viongozi walivyodhamiria kumtua.

Si asilimia tu. Hata mita zinatutesa. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Ni sheria ya maana, ila ziwa letu hupanda na kushuka, na likipanda mita 60 hupanda nalo. Mwaka mmoja zilikipita kibanda cha chipsi, zikaipita mashine ya kukoboa mpunga, zikaingia ofisi ya kijiji. Mtendaji, aliyekuwa ameshachapa barua za kuwaonya wavamizi wa ufukwe, akazirudisha kabatini kimyakimya. Mojawapo angelazimika kujiandikia mwenyewe na kujipa siku 30.

Ofisi hiyo ni ya bati, haina dari. Dari ipo kwenye taarifa. Mkutano wa Aprili ulifanyika humo ndani kwa sababu ya mawingu, na Mtendaji alipofika tu kwenye "fedha zilizotumika," mvua ikashuka. Aliyewahi kukaa chini ya bati huku kwetu anajua: husikii hata mawazo yako. Tuliona midomo ya Mtendaji ikicheza. Alisoma kwa bidii, akalamba kidole, akageuza ukurasa. Mwenyekiti alikuwa akitikisa kichwa kila baada ya muda kwa heshima. Mzee jirani yangu aliniinamia, akapiga yowe sikioni kwangu, "Amefika wapi?" Nikamjibu kwa yowe kwamba nadhani kwenye choo cha shule. "Bado hakijaisha?" Nikamwambia kwa jinsi midomo inavyokwenda, bado.

Mvua ikakatika ghafla, na maneno ya kwanza tuliyosikia yalikuwa, "...hivyo basi, ndugu wananchi, naomba mridhie." Tukaridhia. Muhtasari uliobandikwa kwenye ubao wa matangazo ulisema wananchi waliipokea taarifa kwa utulivu mkubwa na hapakuwa na swali.

Nisiwe mnyimi wa shukrani: maji siku hizi yanatoka. Kiungio kilifika, kikafungwa mchana mmoja. Yanatoka alfajiri na kukatika jua likishapanda, na mvua ikizidi mlimani huja na mchanga, mpaka vijana wa chombo cha watumia maji wapande na majembe kuzibua kitekeo. Hao vijana wanastahili malipo mazuri zaidi, na jambo hilo sijalisikia likisomwa kwenye taarifa yoyote, hata siku zisizo na mvua. Taarifa ya mwisho imetupandisha mpaka asilimia 98. Mimi asilimia hizo ningezisamehe zote. Mtendaji wetu ni mtu mzuri, na najua ataulizwa kuhusu karatasi hii, kwa hiyo ombi langu nalileta kwa adabu: robo ijayo atusomee tu koki zipi zinatoa maji, saa ngapi, na ufunguo anao nani. Na aanze saa mbili asubuhi, kabla mvua haijashuka.