Siku Nyumba Nzima Ilipovaa Kaniki

Kama una binti wa miaka kumi na tisa ndani ya nyumba, sogea tupeane pole. Wangu anaitwa Salma, lakini mdogo wake alimbatiza Kunguru na jina likaganda. Huyo mdogo naye tunamwita Ripota, kwa kuwa hakuna jambo la nyumba hii lisilowafikia majirani kupitia kwake. Kunguru huvaa nyeusi Jumatatu hadi Jumapili, hata kwenye jua la Februari. Buti zake za mtumba, alizozichagua mwenyewe soko la Toi, zina matundu ya kamba yasiyohesabika, na kila tukitoka pamoja sisi husimama mlangoni tukimngoja azifunge huku matatu za Kangemi zikitupita.

Ijumaa moja aliingia na pakiti tatu za rangi ya nguo. Magauni yake yalikuwa yamechujuka, na Jumamosi usiku alikuwa na miadi na wenzake Westlands. Akaichukua sufuria ya pilau, ile kubwa tuliyopewa harusini, akachemsha maji, akazitumbukiza nguo. Alipomaliza aliyamimina maji ya rangi kwenye beseni la bafuni, ayatumie tena asubuhi. Hilo ni kosa letu sote. Mtaani kwetu maji huja siku mbili kwa wiki, na hakuna anayethubutu kumwaga hata ya kunawia bila idhini ya Jemedari.

Jemedari ni mama watoto. Saa nne usiku stima ikapotea, naye si mtu wa kushindwa na giza. Alikusanya nguo nyeupe zote za nyumba, akapapasa beseni, akasikia maji yamo, akashukuru Mungu, akatia sabuni na kuloweka.

Kulipokucha, yalitoka mashati manne ya shule ya Ripota, mashati yangu mawili ya kazini, kanzu ya Jemedari, na shuka ya kuswalia ya mama mkwe wangu, aliyekuwa amefika Alhamisi kwa treni kutoka Mombasa. Zote zilikuwa na rangi ya anga ya Nairobi mwezi wa Julai. Tukajaribu dawa ya madoa, ikazitia mistari. Jemedari aligeuza ndoo, akaikalia, akanyamaza. Wewe uliyeoa unaujua ukimya wa namna hiyo. Mwishowe akasema, "Salma, nenda ukanunue pakiti nyingine. Kama ni kuharibika, ziharibike sawasawa."

Ndiyo maana kaka yangu mkubwa alipokuja chakula cha mchana kutoka Uthiru, alitukuta sote tumevaa nyeusi, kuanzia mimi hadi Ripota.

Huyu kaka tunamwita Kamishna. Jina hilo lina historia. Mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada ya shetani nchini, ikiongozwa na Askofu Mkuu Nicodemus Kirima. Ripoti yake ilitolewa hadharani mwaka 1999. Kaka aliifuata habari hiyo magazetini jinsi wengine wanavyofuata mpira, na hadi leo pete yenye fuvu kwake ni ushahidi. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Kunguru hafugiki," akasema. "Nilikuonya, ndugu yangu. Sasa amewageuza nyote."

"Baba mkubwa, karibu uketi nikueleze," Salma akamwambia, akamvutia kiti.

Nami nikaketi, kwa maana nilikuwa sijawahi kumuuliza. Alieleza kwamba haya mambo ya gothi yalianzia Uingereza, miaka ya 1970 ikielekea kuisha. Bendi ya Bauhaus ilitoa mwaka 1979 wimbo kuhusu Bela Lugosi, mwigizaji aliyecheza Dracula, na mwaka 1982 klabu iitwayo Batcave ikafunguliwa Soho, London, vijana wenye nyuso za poda na midomo myeusi wakapata pa kuchezea. Baadaye ukoo ukatawanyika. Wako wa jadi, wako wa kimahaba wenye lesi na mahameli, wako wanaochanganya nyeusi na rangi zinazowaka kama taa za matatu, na Wajapani wana yao ya magauni ya mwanasesere. Kila mwaka maelfu hukutana Leipzig, Ujerumani.

"Na hapa?" Kamishna akauliza.

"Hapa tunajibanza kwa marocka, baba mkubwa. Wao ndio wenye magitaa na usiku wao. Tena tuna watu wetu. Martin Kanja na Sam Karugu wa hapa Nairobi waliunda Duma."

"Duma? Si hiyo ni giza?" Kikuyu chake kilimtoka kabla hajajizuia.

"Ndiyo hiyo hiyo. Albamu yao ilitolewa 2020 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala."

Mama mkwe aliweka kikombe chini. Kwa Kiswahili cha Mombasa neno hilo halitajwi mezani. Salma akawahi, "Bibi, ni Kiganda! Ni ile hamu ya kucheza inayomjia mtu ghafla."

"Haya," Bibi akasema. "Hebu sogea, nione hayo macho."

Akamshika kidevu, akamgeuza kwenye mwanga wa dirisha. Bibi ni mtu wa Mji wa Kale. Ameishi ndani ya buibui tangu usichana, na piko na wanja ni vitu alivyovikuta kwa mama yake. "Wanja huu umeupaka kwa haraka," akasema. "Na nguo hizi ndefu umemuiga nani?"

Salma akamtaja Malkia Victoria, yule aliyesimamishiwa sanamu bustani ya Jeevanjee mwaka 1906, ikaja kuvunjwa 2015. Ndiko wanakokutana na wenzake wakiwa mjini. Malkia huyo alifiwa na mumewe mwaka 1861, akavaa nyeusi hadi kifo chake mwaka 1901, na magothi wengi huazima mishono ya matanga ya zama zake.

"Miaka arubaini!" Bibi akashangaa. "Mimi babu yako alipofariki nilikaa eda miezi minne na siku kumi, nikaona ni mingi." Kisha akanigeukia. "Baba Salma, mtoto huyu alilelewa mapajani mwa babu yake. Nyinyi mlimpa siku ngapi?"

Tulimpa tatu. Ulikuwa mwaka wa mtihani, nasi tukamrudisha shule akiwa na macho mekundu, tukamwambia ajikaze. Nikakumbuka kwamba likizo iliyofuata ndipo alipoanza kuvaa nyeusi. Jemedari aliinamia sahani yake. Kamishna aliiweka kofia kwenye goti, naye kwa mara ya kwanza hakuwa na la kusema.

Usiku nilimpeleka Salma Westlands mwenyewe. Sikumwambia sababu, lakini wewe mzazi mwenzangu nakwambia. Mwaka 2007, mji wa Bacup, Uingereza, msichana wa miaka ishirini, Sophie Lancaster, alipigwa na kundi la vijana bustanini kwa sababu tu ya mavazi yake ya kigothi, akafa. Habari hiyo niliisoma nikaganda. Mwanangu avae atakavyo, lakini barabarani hatakuwa peke yake. Bibi naye akaja, kwa kuwa hakuna gari linalotoka kwetu yeye akabaki.

Saa sita tulikuwa tumeegesha nje, Westlands, ngoma zikitikisa vioo. Salma alitoka na wenzake, wote buti na minyororo, wakapanga mstari wa adabu. "Shikamoo, Bibi." Mmoja, kisichana chembamba, wanja ulikuwa umemtiririka hadi mashavuni, sikujua kama ni jasho au alikuwa akilia. Bibi hakumuuliza. Alishusha kioo, akamfuta kwa pindo la leso, akafungua mkoba na kutoa kikebe chake cha wanja. "Tazama juu. Usipepese."

Wa pili akasogea, kisha wa tatu. Jemedari akapiga simu kuuliza tuko wapi usiku wote huo. Nikamwambia mama yake ana foleni, na bado watu watano.