Kwanza Kivuli, Kitenge Baadaye

Sherehe ya bustanini Dar es Salaam huanza na sare. Kitenge kinanunuliwa, fundi anasumbuliwa usiku na mchana, kisha siku yenyewe watu waliopendeza kweli kweli wanakaa juani saa 8 mchana, wakijipepea kwa kadi za mwaliko. Mwenyeji mpendwa, anza na jua. Kitenge hakikimbii.

Chagua Juni, Julai au Agosti. Masika yamekwisha, nyasi bado zina rangi, na upepo wa kusi unapoza mwili. Miezi hiyo jua la adhuhuri hupita upande wetu wa kaskazini, kwa hiyo kivuli cha nyumba na cha mwembe huangukia kusini, na alasiri hukimbilia mashariki. Siku chache kabla, toka nje saa 8, saa 9 na saa 10, uchomeke kijiti kila kivuli kinapofika. Jirani akichungulia ukutani kuuliza unazika nini, mjibu kwamba unapanga viti. Ndivyo ilivyo: viti vya wazee vikae pale kivuli kitakapokuwapo saa 10, maana bibi akishakaa, hahamishwi.

Turubai la plastiki liache kwa fundi magari, kwani chini yake watu huiva. Tundika kitambaa cheupe cha pamba, pande zote ziwe wazi.

Sasa jiko. Kusi inavuma kutoka kusini, basi jiko la mkaa likae kaskazini mwa wageni ili moshi uondoke nyuma yao. Jirani wa upande huo ndiye wa kwanza kualikwa, tena mapema, asije akafikiwa na moshi kabla ya kadi. Nyama ya mishkaki ikandwe kwa tangawizi, kitunguu saumu, ndimu na papai bichi lililosagwa. Papai hulainisha nyama hasa, lakini ukiilaza nalo usiku kucha, asubuhi utakuta uji usiokubali kushika kijiti. Muda wa saa 1 au 2 unatosha. Usichome chochote mpaka makaa yavae jivu jeupe, na kijana anayepepea apewe dafu kabla ya mtu yeyote mwenye cheo.

Cheo chenyewe kibaki getini. Bustanini hakuna meza kuu wala mgeni rasmi, na MC, kwa heshima zote, aje kama mlaji. Mwenye shukrani azitoe kwa dakika 3, wengine tukiwa tumeshika sahani. Muziki uwe Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, kwa sauti inayomruhusu shangazi kumsengenya mtu bila kupaza yake.

Kadi ikisema saa 9, chakula kitoke saa 9 na nusu. Hili nalisisitiza kuliko yote. Tumewazoesha wanaochelewa kusubiriwa, huku waliofika kwa wakati wakimalizia karanga. Wape hao maini, moto moto, na habari zitasambaa mjini zenyewe. Isitoshe, pilau lililoachwa nje zaidi ya saa 2 kwenye joto letu huanza kuwa hatari kwa tumbo, hata likinukia vipi. Kachumbari itiwe chumvi dakika ya mwisho, isije ikaogelea.

Mbu nao wana ratiba. Yule wa dengi huuma mchana, na hukua ndani ya wiki moja hivi kwenye kisahani cha chungu cha maua. Kwa hiyo kumwaga maji yaliyotuama ni kazi ya wiki nzima kabla, wala si ya asubuhi ile ukiwa na dawa ya kupuliza mkononi. Jua huzama kama saa 12 na robo, na giza letu halibishi hodi. Chemli ziwashwe saa 12 kamili.

Mwisho ni kufungasha. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania bara tangu 1 Juni 2019, basi weka majani ya mgomba au vikapu karibu na sufuria. Shangazi aliyekuja na chombo chake chenye mfuniko mkobani asitazamwe vibaya. Mpakulie kwanza, ukoko na nyama zake.