Treni ya Usiku wa Manane

Juni 5, 2020, bendi ya Sauti Sol walitutolea albamu, wakaiita Midnight Train. Treni ya usiku wa manane, na Nairobi nzima ilikuwa kwenye kafyu ya corona: saa moja jioni kila mtu ndani, hadi saa kumi na moja alfajiri! Stesheni Makadara tunayo, ila saa hizo ungemkuta polisi tu, naye hauzi tiketi, anagawa rungu bure. Suzanna, wa wimbo uliotangulizwa Februari, alijiwahi. Alizunguka Jogoo Road ndani ya matatu hadi vioo vikatetemeka. Ikafuata Insecure, ambayo kwa jina hilo ilikuwa taarifa ya habari.

Kesho yake albamu ilipotoka, Rais Kenyatta akasogeza mwanzo wa kafyu hadi saa tatu usiku. Zikabaki saa tatu tu tupande.