Nasaba ya Mbwa Koko

Masikio ya koko yakisimama tu, hakosekani bingwa wa kuapa kwamba babu wa mbwa huyo alikuwa German Shepherd. Lakini sura hudanganya. Watafiti Scott na Fuller, huko Maine, Marekani, walichanganya mbegu mbili za mbwa, basenji wa Kongo na cocker spaniel. Kitabu chao cha 1965 kinaonyesha wajukuu waliotoka kila mmoja na sura yake, wengine wasifanane na upande wowote. Utasema DNA imemaliza ubishi. Kwa chotara wa mbwa wa kizungu, sawa. Ila kipimo humlinganisha mbwa na wale waliomo kwenye kumbukumbu zake, na koko wa mtaani Buguruni wazee wake ni makoko vilevile. Na hata nasaba ikijulikana, utafiti uliotoka katika jarida la Science mwaka 2022 uliikuta ikieleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia. Kibao cha “Mbwa Mkali” getini hakijasubiri majibu ya maabara.