Mtuhumiwa Kwanza, Waya Baadaye

Umeme ukikatika nyumbani, wanaoanza huuliza nini kimeharibika. Mwenye uzoefu huuliza nani. Nani kachomeka nini, tena uulize kwa sauti, kutoka hapo hapo kwenye kochi, kabla hujajua kama ni nyumba yako peke yake au mtaa mzima. Asiyekuwepo ndiye wa kwanza kushukiwa. Kama wote wapo, dada wa kazi atafaa. Kama hakuna dada wa kazi, kila nyumba ina mtoto ambaye mwaka juzi alitia msumari kwenye soketi, na kesi ya namna hiyo haifutiki.

Kwenye nyumba ya wapangaji wanaochangia LUKU moja, kazi ni nyepesi zaidi. Yupo yule wa chumba cha mwisho, anayejulikana kwamba usiku anapikia jiko la umeme, mlango kaufunga na redio kaipandisha ili tusisikie harufu ya wali. Itisheni kikao uani. Mama Zai atasema yeye hana hata friji. Baba Juma atasema yeye anachaji simu tu. Ukiwasikiliza wote hadi mwisho utaanza kuamini kwamba umeme wa elfu kumi ulionunuliwa Jumamosi umeliwa na mita yenyewe.

Njia ya kuhakikisha ipo. Shusha breka zote kwenye bodi yenu, kisha katazame mita. Ile taa ndogo inayopepesa kadiri umeme unavyohesabiwa ikiendelea kupepesa, kuna kitu kinavuta kabla umeme haujafika kwenu, na huenda kitu hicho kina waya unaopita juu ya dari kuelekea dukani kwa mwenye nyumba. Jaribio hili usilifanye kama kodi yako inakaribia kwisha na hapo bado unapapenda.

Sasa breka. Imeshuka, ipandishe. Imeshuka tena, ipandishe kwa hasira. Wapo wanaoishikilia kwa kidole gumba wakidhani wanaizuia, ila watengenezaji walituwahi: breka hizi hujikata kwa ndani hata kitasa chake kikiwa kimeshikiliwa juu. Wewe shikilia tu. Familia inahitaji kumwona baba anafanya kitu.

Kwenye plagi za pini tatu tuna uhuru zaidi. Ndani ya kila moja kuna fyuzi, ya ampea 3 kwa taa ya mezani, ya 13 kwa pasi na jagi la umeme, na kazi yake ni kuungua ili vingine visiungue. Ikishaungua, izungushie karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Haitaungua tena, litokee litakalotokea kwa pasi.

Mambo yakishindikana, ita fundi. Fundi kamili huja na tesita kwenye mfuko wa shati, plaisi, na tepu nyeusi ambayo hakuna aliyewahi kuiona ikiwa mpya. Hatagusa kitu kabla ya kusimama mbele ya bodi, kutikisa kichwa na kuuliza: "Bosi, hii nyumba alikufungia nani?" Mjibu kwamba hukumbuki. Ni yeye aliyeifunga, na ukimkumbusha itabidi atafute mtu mwingine wa kumlaumu, na muda wake unaulipia wewe.

Kisha ataingiza tesita kwenye soketi ya sebuleni. Tundu la kwanza, kitaa chake kinawaka. Tundu la pili, kinawaka pia. Sebule nzima inanyamaza. "Umeme umejaa," atasema, nawe utaitikia kwa kichwa, maana kwa macho unaonekana umejaa kweli na bado televisheni haiwaki. Maelezo yenyewe hayana msisimko. Umeme huenda kwa waya mmoja na kurudi kwa mwingine. Huu wa kurudi, nyutro, umelegea au umekatika mahali fulani, kwa hiyo umeme unapita ndani ya friji iliyochomekwa, unatokea upande wa pili na, kwa kukosa pa kwenda, unabaki hapo kwenye tundu ukisubiri. Chomoa kila kitu uone: tundu la pili litazima. Nyutro ikikatika huko nje, kwenye laini ya fezi tatu inayogawiwa nyumba nyingi, utani unaisha kabisa. Nyumba moja hupata umeme wa kuwashia taa kwa shida, ya pili ikasukumiwa volti zaidi ya 300 mahali pa 230, na vyombo vya watu vikaanza kutoa moshi. Lakini haya si ya kuzungumza mbele ya wageni. "Umeme umejaa" inatosha.

Taa ya LED inayometameta usiku wa manane hali imezimwa nayo isikupeleke kwa fundi. Atakwambia huenda swichi imefungwa kwenye nyutro badala ya waya wa moto, hivyo hata ukizima, umeme unabaki kwenye holda. Mama mkwe ana maelezo bora, na katika maelezo yake jirani anahusika.

Ipo njia nyingine, ambayo mwongozo huu hauipendekezi kwa kuwa haina kelele wala mtuhumiwa. Chomoa kila kitu ukutani; kuchomoa hasa, kuzima swichi hakutoshi. Shusha breka zote, washa meni swichi, kisha pandisha moja moja. Breka ikijikata wakati hakuna kilichochomekwa, ubovu uko kwenye waya za njia hiyo, au kwenye taa zake. Zote zikikaa, rudisha vyombo kimoja kimoja mpaka ufike kile kinachoiangusha. Anza kuwashuku heta ya maji, jagi na pasi, maana wote wanafanya kazi ya kukutanisha maji na moto. Usikute ni taa ya getini iliyojaa maji ya mvua na sisimizi, na ndiyo maana hitilafu huja na mvua na kupona jua likitoka.

Wanaokata tamaa hukatishwa na ile breka kubwa yenye kitufe cha T. Hiyo hulinganisha umeme unaotoka na unaorudi, na pengo likikaribia miliampea 30, inakata. Utashusha breka ndogo ya njia unayoishuku, na kubwa itajikata vile vile, kwa sababu aghalabu ndogo hutenganisha waya wa moto peke yake. Nyutro inayogusa waya wa ardhi mahali fulani bado imeungwa. Mpaka uitoe nyutro ya njia hiyo kwenye bodi, kazi ambayo ni ya fundi, tena meni ikiwa imezimwa, hutaona tofauti. Hapo ndipo nyumba huanza kuombewa.

Tatizo la njia hii ni mwisho wake. Baada ya nusu saa ya kuchomeka na kuchomoa, unabaki umeshika jagi bovu mkononi, na jagi huwezi kuligombeza.

Wengi kwa hiyo humaliza kwa mkato. Fundi ataichungulia breka ya ampea 20 inayojikata kila heta, pasi na jagi vikiwashwa pamoja, na atasema: "Hii ndogo, bosi. Tuweke ya 32." Mpe hela akanunue. Waya ukutani utabaki ule ule wa 2.5, na kweli, breka haitajikata tena. Utamsifu fundi kwa wapangaji wote, naye atapata kazi vyumba vitatu zaidi. Kitakachopata joto sasa ni waya, nao umelala darini ambako hakuna anayepanda. Harufu ya plastiki ikianza kushuka sebuleni usihangaike. Darini kuna panya, na panya hajawahi kuja kwenye kikao kujitetea.